Mzee Elkana Oyieko, 1927–1993, na Kuni Alizozikatisha Mwenyewe

Mzee Elkana Oyieko alizaliwa karibu na Katito, Nyakach, tarehe 14 Machi 1927. Tarehe hiyo imetoka kwenye cheti cha ubatizo, haikukisiwa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Ilipobaki nafasi ya mtoto mmoja tu kuendelea, alimwachia mdogo wake, Nehemia, akaenda Kisumu kutafuta kazi.

Mwaka 1947 aliajiriwa katika karakana ya meli bandarini, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa injini, na kustaafu mwaka 1982. Alikuwa na desturi ya kuegemeza kijiti kwenye injini, ncha ya pili sikioni, kisha kutangaza kwamba huyu ana kikohozi. Vijana walicheka mpaka injini ilipofunguliwa.

Alimwoa Mwalimu Dorca Awino kanisani tarehe 15 Desemba 1951, wakajaliwa watoto watano. Mjukuu wao wa kwanza, Adero, walimlea Kisumu tangu akiwa na miaka minne. Babu alimwita bibi mdogo, naye akamwita Kwara, yaani babu. Mwalimu Dorca alimwita mke mwenza asiyeosha sufuria.

Januari 1993 ugali ulianza kumkwama. Ilikuwa saratani ya umio. Barua ya daktari ipo. Wanaonong'ona kwamba ni chira, laana ya kuvunja mwiko, waje waisome. Julai aliomba kurudishwa nyumbani Katito.

Adero, aliyekuwa kidato cha tatu, alifika likizo ya Agosti, akakuta mti mkubwa wa langoni umekatwa na magogo yamepangwa mbele ya dirisha la babu yake. Alijua ni ya nini. Ni ya magenga, moto wa kumwomboleza mzee, nao huwashwa akishakata roho. Mzee alikuwa bado anakunywa uji.

Alimwendea Nehemia mbele ya wageni waliokuja kumjulia mzee hali.

"Mmemchoka? Si mngechimba na kaburi kabisa."

Nehemia aliliegemeza shoka lake ukutani, akaenda zake. Adero akalichukua, na kwa siku tatu akayapasua magogo yale na kuyapikia uji wa babu. Hayo ndiyo yaliyofika sokoni: kwamba Nehemia alimkatia ndugu yake kuni za matanga angali hai. Sasa yaandikwe yalivyokuwa. Mzee Elkana mwenyewe ndiye aliyeuchagua mti, akamwagiza mdogo wake, akamkataza kusema.

Siku ya tatu aliita kutoka ndani.

"Bibi mdogo, unapika nini na matanga yangu?"

"Uji wako, Kwara."

"Ni mimi niliwaambia wakate. Nilitaka zikauke nikiziona. Kuni mbichi zina moshi, na sitaki mtu alizwe na moshi."

Adero aliweka shoka chini. "Kwa hivyo ulishakubali, na hukutuuliza."

Siku tano hakukanyaga chumba kile. Hasira haikuwa na Nehemia wa kuiangukia tena. Ilibaki kwa babu mwenyewe, aliyempenda kuliko wote. Mwalimu Dorca hakumkemea, kwa sababu naye alikuwa hajausamehe mti ule.

Siku ya sita Adero alimfuata Nehemia, akamwomba msamaha mbele ya wageni walewale, kisha akamwomba ashike upande wa pili wa msumeno. Wakaangusha mti mwingine. Aliingia kwa babu yake na vumbi la mbao kichwani.

"Nimezirudisha. Lakini mimi sijakubali."

"Hata mimi sijakubali sana," mzee akasema. "Kaa."

Alikaa. Alikuwa ameushika mkono wake Jumanne, tarehe 24 Agosti 1993, saa kumi alasiri, Mzee Elkana alipofariki.

Amemwacha mjane wake, Mwalimu Dorca, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, Adero akiwa wa kwanza, na mdogo wake Nehemia, aliyetukanwa mwezi mzima akitunza neno la ndugu yake. Mwenye swali juu ya kuni zile amwulize leo, Nehemia akiwa amesimama hapa kaburini. Kesho asiulize.

Mzee Elkana alale kwa amani, nasi tuachwe kwa amani.