Maisha ya Dada Yetu, Karani wa Mstari wa Saba

Tunamshukuru Mungu aliyetuazima dada yetu kwa miaka sitini na mitatu. Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1961, kifungua mimba wa baba seremala na mama mkunga. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alikuja duniani amekunja uso, kama anayekagua kazi ya watu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza kidato cha nne 1979, kisha akajifunza kupiga chapa. Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa karani wa mahakama ya familia, akakaa dirisha namba mbili mpaka kustaafu.

Hapo dirishani ndipo shemeji yetu, fundi saa, alipofika na karatasi za mirathi ya baba yake. Dada alimrudisha mara tatu: “Kaka, hapa hujajaza.” Mara ya nne akamwambia, “Dada, nimejaza kila kitu. Kilichobaki ni wewe.” Walifunga ndoa tarehe 20 Septemba 1986, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Jumanne, tarehe 8 Juni 2004, fundi cherehani mmoja alifika dirishani, uso umevimba, kuomba amri ya kumzuia mumewe asimpige. Alikuwa amejificha kwa shangazi yake. Mstari wa saba wa fomu uliuliza mwombaji anaishi wapi kwa sasa, na kwa sheria ya wakati ule nakala ilikuwa lazima imfikie mume.

“Dada, na hapa niandike?”

“Andika, mama. Bila hapo faili halifunguki.”

Siku ya nne yule mume alibisha hodi kwa shangazi, nakala mkononi. Fundi cherehani alirudi mahakamani mkono umefungwa plasta. Hakugomba. Alisema tu, “Tulijaza vizuri, dada.”

“Mkono ule nimeuvunja mimi,” dada alimwambia mdogo wake jioni ile. Kuambiwa kwamba ndiyo sheria hakukumtuliza. Alisali, akalia, kisha akashika kalamu.

Tangu hapo anwani za waliojificha akawa anazifunga kwenye bahasha ya hakimu peke yake. Kwa hilo alipewa barua mbili za onyo. Wenzake wakamtania, “Karani unataka kuwafundisha mawakili sheria?” Naye akajibu, “Sheria sijui. Mstari wa saba naujua.” Aliiandikia kamati ya kurekebisha sheria za familia miaka tisa bila jibu. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka 2013 wakamwita, akaenda na fundi cherehani.

Mjumbe mmoja akamuuliza, “Sasa mume atajibuje shauri asipojua mkewe yuko wapi?”

“Mheshimiwa, shauri linajibiwa mahakamani. Kwa shangazi hakuna hakimu.”

Tarehe 1 Julai 2015 kanuni mpya zilianza. Mstari wa saba uliondolewa, anwani ikawa siri ya hakimu, na mke aliyepigwa hakulazimishwa tena kusubiri kwenye benchi moja na aliyempiga. Watu walipompongeza, alisema jambo hilo limechelewa miaka kumi na moja na mkono mmoja.

Alistaafu mwaka 2021. Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Fundi cherehani alimshonea magauni yenye vifungo mbele, akawa anakuja kumvalisha kwa mkono wake usionyooka vizuri. Dada akamwomba msamaha tena.

“Dada, umeniomba miaka ishirini, na miaka ishirini nimekusamehe. Sasa pumzika, unanichosha!” Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Alituaga Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na wadogo zake wanne. Ameacha pia wanawake wengi waliopita dirisha namba mbili, na baadhi yao wameketi nasi hapa. Wameomba wahesabiwe kuwa wafiwa, nasi tumewahesabu. Wanakoishi hatusemi. Huko Mungu anakujua, na kwake ndiko dada yetu alikokwenda kupumzika.