Simu Iliyolala Kifudifudi

Benchi la Mama Birika lina mguu mmoja uliotegemezwa tofali, na linatazamana na jengo la ofisi, lile la vioo, ambalo ukilitazama mchana unaona mawingu yakipita na humwoni mtu hata mmoja. Wenye benchi ni watatu. Soli ni fundi viatu; asipokuwa na msumari mdomoni basi ana neno. Spika anauza vitabu vya mitumba juu ya turubai, na sauti yake huvuka barabara bila kungoja magari. Kamanda ni mlinzi wa usiku wa lile jengo, na akitoka zamu haendi kwake mpaka anywe vikombe viwili. Mama Birika mwenyewe haketi. Anamimina, anasikiliza, na roho yake yote iko kule juu nyuma ya vioo, maana mwanawe wa pekee anafanya kazi huko mwaka wa pili sasa, na kazi yenyewe mama mtu haijui. Kila asubuhi akishamimina kikombe cha kwanza humpigia. Simu huita, naye huikata kabla haijamaliza, asije akamsumbua mtoto. Baadaye huja ujumbe: Niko kikaoni, mama. Jumapili kijana huja nyumbani, hula, hulala kwenye kochi mpaka jioni, na mama hubaki akijiuliza mtu asiyebeba kitu anachokea wapi. Leo hakupiga. Alikuwa amekata shauri kwamba asiyetakiwa hajipeleki, na hatapiga tena.

Wiki hiyo Spika alikuwa akiwasomea riwaya mpya, isiyo na mfalme, mchawi wala bunduki. Ilikuwa na bwana mmoja, ofisini.

— Tumefika nusu ya kitabu, Soli akasema, bado hajainuka kitini.

— Aliinuka, Kamanda akasema. Alikwenda kuchukua maji.

— Akayanywa, akarudi. Mimi nangoja fumanizi, mwandishi ananiletea maji.

— Ndizo riwaya za siku hizi, Spika akasema. Zamani lazima afe mtu. Sasa hafi mtu, anapandishwa cheo.

— Na bado nashindwa kuiacha, Soli akasema kwa sauti ya chini. Jana nimelala nawaza kama atapata kile kiti cha dirishani. Kiti, jamani. Mimi na akili zangu.

Na kila mmoja pale alikuwa amelala akiwaza kile kile kiti.

— Hebu rudia pale pa kikao, Kamanda akasema.

Spika akakohoa, akasoma:

«Mkuu wa idara alishauri jambo hilo lizungumzwe kwenye kikao kijacho. Wote wakaandika. Simu ya bwana yule ikatetemeka juu ya meza. Akaigeuza, akailaza kifudifudi.»

— Simama hapo hapo, Soli akamkata. Wamekaa ili wapange nini?

— Kikao kijacho.

— Na hicho kijacho?

— Kitapanga kinachofuata.

— Basi sisi nasi tuko kikaoni miaka yote hii, na hatuna hata feni.

Mama Birika akacheka, lakini birika lilikuwa limesimama hewani. Mara ya tatu sasa wanasomewa maneno yale, na mara zote ubishi huanzia palepale.

— Halafu hilo neno, Soli akaendelea. Anayelala kifudifudi ni mtu. Simu ina uso?

— Ina kioo, Kamanda akasema. Kioo ndio uso. Aliuona uso wa mtu akaufunika.

— Basi ni hawara. Nani mwingine anafunikwa hivyo?

— Hawara gani, wewe. Huyo ni mpelelezi wa kampuni nyingine. Nakwambia mimi ninayelinda pale. Usiku ghorofa zote zimezimwa taa, unasikia simu zinaita mezani peke yake. Nani anapigia ofisi tupu?

— Wewe unaishia mapokezi, umezisikia wapi?

— Sauti inashuka kwenye lifti.

Spika akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. Akalitazama lile jengo kwa muda.

— Mimi nadhani anajipigia mwenyewe, akasema. Kuna mtu aliyekwenda kazini, na kuna mwenzake aliyebaki nyumbani na pijama. Kila asubuhi aliyebaki anampigia aliyekwenda, anamuuliza utarudi lini.

Soli alitoa msumari mdomoni, akasahau kuupiga. Mawingu yalikuwa yakipita kwenye vioo, na kwa mara ya kwanza benchi zima lilihisi kwamba nyuma ya yale mawingu kuna watu wengi mno, kila mmoja na meza yake.

Wakati huo kuna dada alikuwa ameketi pembeni, kitambulisho cha lile jengo shingoni, kisigino cha kiatu kimeng'oka, mguu mmoja juu ya kipande cha boksi alichotandikiwa na Soli. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani, kaka zangu, akasema. Huyo bwana ana mama?

Spika akafungua kitabu. Akarudi nyuma, akaenda mbele.

— Mke yupo. Bosi yupo. Kiti chake kimeelezwa ukurasa mzima.

— Kiti sijauliza, dada akasema.

Kamanda alitazama ndani ya kikombe chake kitupu.

Mama Birika alikuwa ameshajua anayepiga ni nani. Siku zote aliamini kwamba simu yake ikipanda kule juu inapotea tu, kama moshi. Hakuwahi kuwaza kwamba inafika, kwamba inatua juu ya meza, mbele za watu, inatetemeka. Na mtu aliyeandika haya hajawahi kunywa kahawa yake, hamjui kabisa, lakini ameingia chumba ambacho yeye mama hajaruhusiwa kuingia na amemkuta humo.

— Spika, akasema. Soma mbele. Pale mnapokatia kila siku.

Spika akatafuta mstari, na kwa mara ya kwanza akasoma polepole:

«Lakini kiganja hakukiondoa. Kilibaki juu yake mpaka ilipotulia.»

Mama Birika akaweka birika chini. Akapangusa mikono kwenye khanga, akatoa simu, akapiga. Dada akashika kiatu chake mapajani, na wote wakainua macho kwenye vioo, wakitafuta kipi ni cha mwanawe. Simu ikaita. Ikaita tena.

— Hapokei? Soli akauliza.

— Yuko kikaoni, Mama Birika akasema, na safari hii hakukata. Akaiacha iite mpaka mwisho.