Mtambo Uliolala kwa Babu Mwingine

Benchi lina miguu minne, lakini inayofanya kazi ni mitatu. Wa nne umening'inia hewani tangu seremala aliyelitengeneza alipohama mtaa. Liko konani, kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli, na kila anayelikalia hujifunza mapema kwamba kikombe hushikwa mkononi, hakiwekwi chini. Shangazi, muuza kahawa, huweka birika lake upande wa kivulini, na jua likishapanda kidogo wenye benchi huanza kuwasili: Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamkatalia, Profesa, aliyewahi kuhudhuria semina na mpaka leo hajarudi kutoka huko, na Fundi Saa, ambaye amefungua saa za mtaa mzima, na nyingi kati ya hizo amezifunga tena.

Siku hiyo Fundi Saa alikuja na kitu kikubwa kuliko saa. Ulikuwa mtambo wa plastiki, mwekundu, una mdomo mpana mbele na mpini nyuma kama wa pasi. Ndani mna mota na magurudumu mawili. Unaingiza gari dogo la sponji mdomoni, unabonyeza kitufe, na gari linachomoka kama limesikia kwao kunaungua. Ulikuwa wa mjukuu wake, binti mdogo aliyekuja kwake likizo. Jana yake ulinguruma mpaka kuku wa jirani wakahamia juu ya paa. Alfajiri, mtoto akiwa bado amelala, Fundi aliunyakua akatoka nao uani. Alisema ni kwa ajili ya kuukagua. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, mtambo ukamkodolea mdomo tu.

Kilichomkosesha raha ni kwamba mtambo haukununuliwa na yeye. Ulinunuliwa na babu wa upande wa baba, mwenye nyumba ya geti. Yeye zawadi aliyompa mtoto ilikuwa saa ya mezani. Na mchana huo binti yake angekuja kumchukua mtoto. Akiukuta mtambo umekufa, habari ingefika kule getini kabla ya mtoto mwenyewe, kwamba kwa babu huyu hata vitu vipya vinazeeka.

Skrubu za mtambo zilikuwa ndogo kama punje za ufuta, na ufundi wa namna hiyo hauvumilii benchi linaloyumba. Fundi akatoa mfukoni gari moja kati ya mawili ya sponji aliyokuja nayo, akalishindilia chini ya mguu ule mfupi. Benchi likatulia. Breki aliweka kikombe chake juu ya ubao, akakitazama kwa muda kikiwa kimesimama, kama mtu aliyeoneshwa muujiza. Gari la pili Shangazi aliliomba, akalitumia kushikia mkono wa birika uliokuwa ukimchoma kila siku. Magari mengine yalibaki nyumbani, chini ya mto wa mtoto.

— Mota imeingia hewa hiyo, Breki alisema. Lori langu lilikuwa hivyo hivyo. Toa hewa, litawaka.

— Huu unatumia betri, Breki, Fundi alimjibu.

— Betri nazo zina hewa. Chombo cha kuzama hakina usukani.

Methali hiyo ilipita bila mtu kuisimamisha. Profesa alieleza kwa kirefu kwamba tatizo ni la kisaikolojia: mashine ikipewa kurusha sponji kila siku, kitu kisicho na uzito, hujiona imedharauliwa. Kule semina, alisema, hata mashine ya kuonyeshea picha ukutani ilikataa kuwaka, na mwezeshaji aliwaambia ni ukosefu wa motisha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Umechoshwa na ugeni tu huo, Shangazi alisema akimimina. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mmeupa jembe, umegoma.

Hapo ndipo Profesa alipopata nguvu mpya. Akainama, akashusha sauti.

— Hivi vitu siku hizi vina kumbukumbu. Vinajua kwao. Babu mwenzako wa getini kaufunga makusudi, ukilala kwa babu mwingine unazima.

Fundi alicheka, lakini bisibisi ilisimama mkononi. Wazo hilo lilikuwa limeshampitia alfajiri, akalifukuza kwa aibu. Akaendelea kufungua. Betri nzima. Nyaya nzima. Kooni mwa mtambo palikuwa na kiulimi cha plastiki kisicho na kazi yoyote aliyoijua. Akakipangusa vumbi, akakiacha. Akafunga. Akabonyeza. Kimya.

Binti yake akatokea konani, kamshika mtoto mkono. Fundi Saa hakutafuta maneno mazuri, kwa sababu hakuwa nayo.

— Mjukuu wangu, mtambo wako umenifia mikononi.

Mtoto aliuchukua, akachungulia ndani ya mdomo wake kama anayemtazama mgonjwa koo.

— Babu, gari lake liko wapi?

Breki aliangalia miguu yake. Profesa akapata jambo la kusoma kwenye kibao cha kinyozi. Shangazi alificha mkono nyuma ya birika.

— Bila gari hauwaki, mtoto alisema taratibu, kama anavyoeleweshwa mtu mzima. Gari linabonyeza hapa, kwenye ulimi. Ili usikutafune vidole.

Wakasimama wote. Gari lilitolewa chini ya mguu likiwa bapa kama soli. Kiganjani mwa mtoto likaanza kujaa polepole, likarudi kuwa gari. Akaliingiza. Mota ikanguruma, gari likapita juu ya vichwa vyao, likatua pale jirani ndani ya povu la kinyozi.

— Kwani, babu, nani alisema umeharibika?

Fundi Saa aliwatazama wenzake. Wenzake walimtazama yeye. Binti yake alikuwa ameuma mdomo asicheke.

— Ulitaka tu kuuchezea, baba, alisema. Ungemwomba.

Shangazi akatoa gari la pili, la moto bado, linanukia kahawa. Mtoto akalipachika mwenyewe, akamkabidhi babu mtambo.

— Bonyeza basi.

Profesa akarudi kukaa. Benchi likayumba, na vikombe vilivyowekwa pale kwa imani vikaporomoka vyote, pamoja na kahawa ya mwisho ya siku ile. Hakuna aliyevitazama. Macho yalikuwa juu, yanafuata gari.