Lalla Rkia, Mpishi Aliyeogopa Kukataa Tonge

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Lalla Rkia wa mji wa Sefrou, mpishi wa harusi. Wa harusi, na wa matanga pia. Mji mzima umekula kwa mkono wake, na mkono ule ulikuwa mtamu, nani atabisha?

Huko kuna desturi. Mpishi huonja kwanza, mwenye shughuli akimtazama. Kisha huketi na wanawake, ale nao sahani moja. Asipokula, hutazamwa kwa jicho la pembeni. Ametia nini humo?

Shida ilimwanza baada ya kupasuliwa tumbo. Akila tu, tumbo linajaa upepo, linavimba, linanguruma. Halafu kuharisha. Nguo zikampwaya. Na nyumbani, aliyekonda dawa yake ni kulishwa: dengu, vitunguu, maziwa ya mgando. Binti yake, Ghizlane, alimjazia sahani kwa mapenzi yote. Masikini, hakujua.

"Mama, kula! Umebaki mifupa."

"Nikila naumwa, nisipokula mnanipigia kelele. Nishike lipi, mwanangu?"

Wakaenda mji wa Fez, kwa daktari. Lalla Rkia akanyweshwa maji ya sukari, akapuliza pumzi kwenye kipimo. Daktari akaeleza. Bakteria wengi makao yao ni utumbo mpana. Kwake walikuwa wamejazana kwenye utumbo mwembamba, kwa sababu makovu ya upasuaji yalikifanya chakula kikwame njiani. Narudia, wapendwa: bakteria walikuwa wanakula kabla yake.

Akapewa dawa ya kuwapunguza, na sindano za vitamini. Akaambiwa aache dengu, vitunguu na maziwa kwa muda.

"Ugonjwa huu hupenda kurudi," daktari alisema. "Ukirudi, nawe rudi kwangu. Usione haya, mama."

Akapata nafuu. Sauti yake ikasikika tena jikoni. "Bwana harusi, kula! Usiku mrefu huo!" Watu hoi kwa kicheko.

Lakini siku moja, akiwa bado anajizuia kula, alimsikia mwanamke akinong'ona: "Mbona Rkia hagusi chakula chake? Kuna nini humo?"

Maneno yale yalimchoma. Tangu hapo akala. Kila harusi, kuskusi na dengu zake, anatabasamu, kisha anarudi nyumbani amejikunja. Tumbo liliporudia yale yale, akasema dawa imeshindwa. Hakurudi Fez. Ghizlane akimsihi, jibu lilikuwa moja: "Jina langu likiharibika, nitapika wapi?" Kwa kukosa zile sindano za vitamini, miguu ikafa ganzi. Baridi ilipoingia, kichomi kikamkuta hana nguvu ya kupigana nacho. Kikamchukua. Inauma, wapendwa. Inauma kwa sababu njia ya kurudi ilikuwapo.

Kwa Ghizlane na jamaa wote, poleni sana. Mungu amrehemu mama yetu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tunamlazimisha leo?

Siku ya tatu ya matanga, sahani ya kuskusi iliwekwa katikati. Jirani mmoja akasema ameshiba, hawezi. Shangazi mtu akaja juu: "Unakataa chakula cha marehemu? Kula, mwanamke! Hata tonge moja!"

Ghizlane aliuzuia mkono wa shangazi.

"Mwache, shangazi. Kasema hawezi. Mama yangu hakuthubutu kusema."