Swali la Tano la Mwanangu

Asanteni kwa kunipa nafasi, mama zangu. Sauti ikinikatika mnisubiri kidogo, nitaendelea.

Mimi ni fundi cherehani pale Rwezamenyo. Mwanangu alikuwa sekondari, anapenda fizikia kuliko chakula. Malaria ikamchukua kwa siku nne. Baada ya matanga nikafungua daftari lake. Zoezi lina maswali matano, manne amejibu. La tano linasema: funga kitu kizito kwenye uzi, kiache kipembee, pima muda wa kwenda na kurudi mara kumi, kisha tafuta mvuto wa dunia. Chini yake hakuna kitu.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, pale patupu paliniumiza kuliko kaburi. Miezi miwili sikugusa cherehani. Watu wananiambia "ihangane", yaani vumilia, nawajibu vibaya. Jirani yangu wa kibanda, mzee aliyewahi kufundisha Bujumbura, nilimfukuza kabisa. Kesho yake akarudi. "Mama, lete hilo daftari tulimalize."

Tukatundika kufuli la kibanda kwa uzi wangu wa kushonea. Yeye anapima muda kwa simu, mimi nahesabu. Akapima na urefu wa uzi, akapiga hesabu, ikatoka kumi na mbili.

"Hapana," mzee akasema. "Inatakiwa kumi kasoro kidogo."

Tukarudia mara tatu, kumi na mbili ileile. Nikalia kwa hasira. Nikasema, hata hili dogo nimeshindwa kumfanyia mwanangu!

Mzee akaniuliza, "Ukiachia kufuli, unasema nini?"

"Moja." Si ndivyo sisi mafundi tunavyohesabu vifungo? Cha kwanza ni moja!

"Mama, ukiachia, bado halijaenda wala kurudi. Ukiachia, sema sifuri."

Nikaachia. Sifuri. Wallahi nilihesabu huku nalia, lakini kumi nikafika. Jibu likaja tisa nukta saba, mzee akasema linatosha. Nikaliandika chini ya mwandiko wa mwanangu, kwa mkono wangu huu.

Namshukuru mzee yule. Nawashukuru na nyinyi mlioniletea uji wakati sina hata neno la asante. Na wewe mama uliyezika juzi, usikubali mtu akuharakishe useme moja. Anza na sifuri, hakuna aibu.

Mimi sasa nashona. Daftari liko juu ya rafu. Swali la sita halimo, najua. Kila Ijumaa nalifungua kuangalia.