Dobi Aliyetaka Kuvuka Bwawa

Ndugu, jamaa, majirani na wenzake wa kazini, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mlinzi wa ghala na mshonaji wa sare za shule. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na ukuta mmoja haukukauka mwaka mzima. Wazazi wake, Mungu awarehemu, walikuwa watu wema, ila kulalamika walikujua. Baba alirudi alfajiri akiisema baridi, mama akampokea kwa kuzisema sindano, na watoto wakanywa chai yao katikati ya maneno hayo. Marehemu alipenda kusimulia kwamba alitoka katika nyumba ile na nadhiri moja tu: siku akipata meza yake mwenyewe, hakuna atakayeketi hapo na kununa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha akaingia sekondari mwaka 1986. Darasani alikuwa wa katikati. Uwanjani alikuwa wa mwisho, tena wa mwisho kweli kweli. Kila siku ya michezo alijiandikisha mbio ndefu, na kila mara wenzake walikuwa wamekwisha kunywa maji na kuvaa viatu vyao alipochomoza kwenye kona ya mwisho, jasho likimtiririka, akitabasamu. Mwalimu wa michezo alimwonea huruma, akamshauri ajaribu kwaya. Alimjibu kwa adabu, "Tutafika tu, mwalimu." Jina likamganda hapo hapo, na hadi anafariki wapo watu waliomjua kwa jina hilo tu, Mama Tutafika.

Mwaka 1993 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali ya mji, kwenye chumba cha kufulia cha chini kabisa, ambako madirisha yako juu na kinachoonekana ni miguu ya wapita njia. Wenzake wa kule wamejaa hapa leo, na wanajua joto la chumba kile. Mashuka ya hospitali hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mkitazamana, kila mmoja ameshika ncha mbili, mnalikung'uta, mnalikunja, mnasogeleana, mmoja anapokea ncha za mwenziwe. Mgeni yeyote aliyeletwa kazini alipangwa pamoja na marehemu, kwa sababu wageni wengi walikuwa wakiuona mlima wa mashuka na kufa moyo siku ya kwanza. Yeye aliwageuza wakaupa mlima mgongo. Aliwaambia wachague fungu moja dogo, walimalize kabla ya chai, kisha wajipongeze, ndipo waangalie jingine. Na ukinuna alikuona, maana mlikuwa mnatazamana. Wapo waliomwona msumbufu, lakini hao nao wamebaki kazini hadi leo.

Mwaka 1996 aliolewa na kaka yetu, kinyozi mwenye kibanda mkabala na lango la hospitali. Wanaomfahamu kinyozi wanajua kwamba yeye ni mtu wa kubeba mwavuli kukiwa na jua. Hata posa yake aliianza kwa kusema anajua atakataliwa. Marehemu alimtazama akamwambia, "Basi rudi nje, uingie tena uulize vizuri." Kinyozi alitoka, akaingia tena, akauliza vizuri. Walijaliwa mabinti wawili: mkubwa sasa ni fundi wa simu, na mdogo yuko chuo cha ualimu.

Nadhiri ya utotoni ilipata meza yake katika nyumba hiyo. Jioni hakuna aliyegusa chakula mpaka kila mtu ataje jambo moja lililomwendea vizuri siku hiyo, na mgeni naye hakusamehewa. Wifi yake, anayewasomea haya, aliwahi kuketi pale shavu limevimba kwa jino, ikambidi ashukuru kwa meno mengine. Tulicheka na tukamsengenya kidogo, lakini ukweli usemwe. Kinyozi aliyeogopa kila kitu alipanua kibanda chake kwa sababu ya meza ile. Binti mkubwa alirudia mtihani wa ufundi alioufeli na akafaulu. Nyumba ilichangamka, na sisi tusiokuwa na desturi kama hiyo tulikuwa tukienda pale kujichotea.

Mwaka 2018 marehemu alitangaza mezani kwamba amepata lengo lake mwenyewe. Alisema mikono yake imekaa majini miaka yote lakini yeye mwenyewe hajawahi kuingia. Alitaka kujifunza kuogelea, avuke bwawa la manispaa kutoka upande wa watoto hadi upande wa kina, bila kushika ukingo. Kinyozi alipoteza hamu ya kula. Jumamosi iliyofuata marehemu alivaa kofia ya mpira ya njano akaenda, mumewe nyuma yake amebeba taulo, roho mkononi. Mwalimu wa kuogelea, mtu mpole mwenye filimbi, anakumbuka kwamba kwa miezi mingi mama yule aliweza kuelea tu, akitazama dari na kucheka peke yake. Kisha akaweza kupiga miguu. Kisha akafika katikati ya bwawa. Alitumia mbinu ile ile ya mashuka, fungu dogo dogo, na kila wiki alikuwa na la kusema mezani. Kufikia mwisho wa mwaka 2020 kilibaki kipande cha mwisho, pale ambapo sakafu ya bwawa haionekani.

Ugonjwa uliingia nyumbani mwaka uliofuata, na aibu yetu ni kwamba hakuna aliyeuona ingawa kila mmoja alikuwa ameuona. Hospitalini, daktari alipouliza dalili zilianza lini, familia ilitazamana. Binti mdogo alisema mama alikuwa akimpa chupa amfungulie, naye binti akajisifu mezani kwamba mikono yake imepata nguvu. Mwenzake wa kazini alikuwa ameona ncha za mashuka zikimponyoka, akamsifu kwamba ameanza kujipa nafasi ya kupumzika. Marehemu mwenyewe alikuwa akijikwaa kwenye ngazi, na jioni alitaja kwamba hakuumia. Kinyozi ndiye aliyesema mwisho, akiangalia viatu vyake. "Kikombe kilimwanguka," alisema. "Mimi nikasema vizuri hakikuvunjika."

Ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ile inayoamrisha misuli, na dawa ya kuuponya haipo. Daktari, mama mwenye sauti ya taratibu, aliwaeleza kwamba hata wangekuja mapema ugonjwa ungekwenda njia ile ile. Alidhani anawafariji. Kinyozi alitoka pale hajui kinachomuuma zaidi, kwamba walichelewa au kwamba kuwahi kusingesaidia kitu.

Marehemu alijikaza kisabuni. Alisema ikiwa miguu inakwenda, basi avuke bwawa kabla haijaenda yote. Hapo ndipo watu wema walipomzunguka. Waliokuja kumwona walimletea maneno yake mwenyewe. Walimwambia tutafika, awaze mema, ugonjwa huanzia kichwani, mwenye moyo hashindwi na mwili. Watu wazima na akili zao walisimama mbele ya mwanamke ambaye misuli inanyauka wakamwambia afikirie vizuri zaidi. Sisi wa nyumbani tulikuwa mstari wa mbele. Na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa kinyozi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa mkewe. Kila Jumamosi alisimama ukingoni akimhimiza, mke wangu bado kidogo, mke wangu jaribu tena, na kila Jumamosi kofia ile ya njano ilisimama karibu zaidi na pale ilipoanzia. Baadaye marehemu akaacha kufika katikati. Kisha akawa anaelea tu, mwalimu akimshikilia mabega, na kinyozi bado anahimiza.

Jioni moja mwanzoni mwa mwaka huu walikuwa mezani, binti mdogo akimlisha mama yake kwa kijiko. Zamu ya marehemu ilipofika alisema, "Leo hakuna kilichoenda vizuri." Hakusema kwa hasira. Kinyozi alishtuka, akaanza kumtafutia, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo.

"Umekula," alimwambia.

"Nimelishwa."

Binti aliweka kijiko chini. Kinyozi alitafuta jambo jingine na hakulipata, na chakula kikapoa.

Ndipo alipopata wazo ambalo alilificha hata kwa mabinti. Kwa kuwa mkewe hawezi tena kuvuka, atamvusha yeye. Kinyozi hajui kuogelea na hajawahi kupenda maji zaidi ya yale ya kuoshea kichwa cha mteja, lakini ni mtu mrefu. Alihesabu kwamba akitembea kwenye sakafu ya bwawa, mikono yake chini ya mgongo wa mkewe, huenda akafika. Wakifika, jioni patakuwa na la kusema. Alimweleza mwalimu, mwalimu akakubali kuogelea pembeni yao ikitokea shida. Marehemu aliposikia alikubali pia, ingawa mwalimu anasema alikubali kama mtu anayemkubalia mtoto.

Waliingia asubuhi, bwawa likiwa tupu. Alikuwa mwepesi sana mikononi mwa mumewe. Walipita sehemu ya watoto, wakapita katikati, na maji yakampanda kinyozi kifuani, kisha shingoni. Hakuacha kumwambia kwamba wanakwenda vizuri. Maji yalipomgusa kidevu, ukingo wa mwisho ulikuwa karibu kabisa, na mwalimu alikuwa ameshaunyooshea mkono.

"Nirudishe," marehemu alisema.

Kinyozi alimwambia wamebakiza hatua chache.

"Naona. Nimechoka, mume wangu. Nimechoka kujaribu. Nirudishe."

Alisimama pale, maji kidevuni, amembeba mkewe. Baadaye alituambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kutaka kitu kama alivyotaka kupiga zile hatua chache, na kwamba zilikuwa ndani ya uwezo wake. Alijua pia zingekuwa zake, si za mkewe. Akageuka. Alimrudisha polepole hadi upande wa watoto, akamkalisha kwenye ngazi, akamvua kofia na kumkausha nywele. Alimuuliza kama anataka kitu chochote. Marehemu alisema anataka kulia bila mtu kumnyamazisha. Kinyozi alikaa kando yake kwenye maji, na mwalimu akaenda kufunga mlango wa nje ili wasiingiliwe.

Hawakurudi tena bwawani. Nyumbani waliacha kuulizana mambo mema, wakaanza kula chakula kikiwa moto. Katika miezi iliyobaki marehemu alimwambia mumewe mambo ambayo hajawahi kuyaweka mezani: kwamba anaogopa kukosa pumzi, kwamba ana wivu na wanawake wanaokunja nguo bila kufikiri, kwamba kuna siku amewachukia wote wenye afya, hata watoto wake. Kinyozi aliyasikiliza yote. Alimkata nywele, akamgeuza upande ule na upande huu, akasikiliza, na ugonjwa ukaendelea kana kwamba hakuna mtu chumbani. Wifi wa marehemu aliwahi kumkuta kinyozi nyuma ya nyumba ameshika ndoo tupu, akamuuliza anafanya nini. Alisema hajui, alitoka tu kutafuta cha kufanya.

Marehemu alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Agosti, mumewe na mabinti wote wawili wakiwa kando ya kitanda chake. Pumzi zilikuwa zikija kwa kuachana. Binti mkubwa, kwa mazoea, alianza kumwambia mama jitahidi, na kinyozi akamwekea mkono begani, akamnyamazisha. Alimwinamia mkewe akamwambia, "Basi, mke wangu. Inatosha." Haikuchukua muda.

Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja na mjukuu wa kike anayejifunza kusimama. Ameacha dada na kaka, wifi, mashemeji, mwalimu wake wa kuogelea, na chumba kizima cha madobi ambao leo wameyaacha mashuka yawasubiri. Familia inamshukuru daktari aliyetuambia ukweli, na majirani waliokuja siku za mwisho wakakaa tu bila kumhubiria.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Apumzike kwa amani, na asijitahidi.