Wasuluhishi Wasiokanyaga Shamba

Probox ya abiria wa Iguhu ilikuwa haijatoka hata stejini Kakamega pale karani mmoja wa wakili, kijana wa viatu vinavyong'aa, alipoanza kumwelimisha mama aliyeketi naye mbele yangu. Kesi ya kampuni ya kigeni ya dhahabu dhidi ya serikali, alisema, inasuluhishwa Ulaya, na akili bandia ya wasuluhishi imesoma kurasa elfu tisa za ushahidi kwa dakika ishirini. "Haichoki, mama, na haihongwi."

"Wanagombania shamba yangu," mama akasema. "Nilienda kuandikisha ushahidi. Imesema nini juu ya kaburi ya bwana yangu hapo shambani?"

Karani alitafuta kwenye simu. Alitafuta sana, kwa mtu mwenye mashine ya dakika ishirini. "Imeandika, 'Vizuizi vidogo kwenye eneo.'"

"Wazee wetu wakikata kesi ya mpaka wanachinjiwanga ingokho, kuku, kwanza. Hiyo ni hongo, sawa. Lakini wanakujanga. Wanakanyaga mchanga ndio waongee."

"Mama, dunia imesonga."

"Isonge. Bwana yangu hasongi."

Mama alishuka Iguhu, akaacha udongo mwekundu wa shamba lake sakafuni. Karani akainua viatu vyake visichafuke.